Antena ya Nje: Kabla Fundi Hajapanda Paani



Barua tunayoijibu juma hili imetoka Eldoret. Mwandishi wake ni dada yetu wa Mombasa aliyemfuata mumewe kazini huko bara, na sasa wamepanga nyumba ya mabati katika mtaa wa Langas pamoja na watoto na mama mkwe. Mama huyo ni mtu mzima; macho yake hayawezi tena maandishi ya simu, na starehe yake ni moja: akishasali Maghribi huketi kusikiliza taarifa ya habari ya saa moja kwa Kiswahili. Tangu mvua zianze, picha hukatikakatika ikawa miraba miraba, sauti hupotea, kisha kioo huandika kwamba hakuna mawimbi. Fundi aliyeitwa aliinua macho paani, akasema antena iliyopo ni ya zamani, ya analogi, haina kazi tena. Ing'olewe, inunuliwe “antena ya dijitali” na busta yake. Bei aliyoitaja yalingana na fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo. Dada yetu auliza: je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, achague ipi, kwa kuwa Ramadhani i karibu na mama amekwisha kusema kwamba hataki usiku wa kuandama mwezi umkute mbele ya kioo cheusi.

Twaanza na jibu, kisha sababu zake. Hakuna kitu kiitwacho antena ya dijitali. Antena ni vijiti vya madini vinavyopokea mawimbi yaliyomo hewani; haijui wala haiulizi kama ndani ya wimbi hilo mna picha ya analogi au ya dijitali. Anayejua ni king'amuzi, ambacho wengi wetu twakiita dekoda, au runinga yenyewe ikiwa ina king'amuzi ndani yake. Kwa hiyo antena ya miaka 20, maadamu ni ya masafa yanayohitajika na haijaoza, yaweza kuishinda mpya iliyotoka dukani leo na neno “dijitali” limepigwa chapa kwa rangi nyekundu juu ya boksi lake.

Hatumtuhumu fundi kuwa amekusudia ghishi. Wako mafundi wengi walioamini jambo hili kwa dhati, kwa sababu ya namna neno lenyewe lilivyotujia. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia mfumo mpya zaidi wa DVB-T2, na waliowahi kununua ving'amuzi vya mwanzo wakalazimika kununua tena. Wenzetu wa Tanzania walizima analogi Dar es Salaam mwishoni mwa 2012. Kwetu ilizimwa Nairobi Februari 2015, katika mvutano ambao wasomaji wetu wengi wangali wakiukumbuka, pale stesheni kubwa za binafsi zilipotoweka hewani kwa karibu majuma 3. Na tarehe 17 Juni mwaka huo ndiyo iliyokuwa mwisho wa muda uliokubaliwa na mataifa huko Geneva mwaka 2006. Katika msukosuko ule kila nyumba ilitakiwa iwe na kitu kipya chini ya runinga. Haikuwa taabu kwa muuzaji kuongeza kwamba na cha juu ya paa pia ni lazima kiwe kipya.

Kinachotofautisha antena na antena ni masafa. Runinga ya dijitali nchini Kenya hurushwa katika masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Urefu wa wimbi katika masafa hayo ni baina ya sentimita 43 na 64, na kijiti kinachopokea vyema huwa takriban nusu ya urefu huo, yaani sentimita 21 hadi 32. Hapa ndipo dada yetu anapoweza kuokoa karo bila ya kumwuliza mtu: achukue rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30. Antena ikishateremshwa, au hata ikitazamwa kutoka chini kwa makini, vijiti vyake vikiwa karibu na urefu wa rula hiyo au pungufu kidogo, hiyo ni ya UHF na yafaa. Vikikaribia mita moja au kuzidi, ni ya VHF, na hapo fundi amesema kweli. Ziko pia zenye vijiti virefu na vifupi pamoja. Hizo hupokea pande zote mbili, na vile virefu havidhuru kitu. Antena iliyokuja na king'amuzi cha GOtv au cha StarTimes nayo ni ya UHF ile ile. Nyumba iliyoacha kulipia kampuni hizo, antena yake ibaki paani, iunganishwe na king'amuzi cha matangazo ya bure.

Sasa turudi katika ushahidi ambao dada yetu mwenyewe ameuandika pasi na kuutilia maanani: tatizo lilianza na mvua. Antena ya madini haichakazwi na mvua kwa siku moja. Kinachoharibiwa na mvua ni waya, na hasa pale waya unapoungana na antena. Maji huingia kwenye kiungo kisichofunikwa, hushuka ndani ya waya, shaba hugeuka kijani, na mawimbi hufia njiani kabla hayajafika sebuleni. Sisi twaushuku waya kwanza. Afungue kichwa cha waya kilicho nyuma ya king'amuzi na kile cha juu. Akiona kutu, unyevu, au weusi katika nyuzi za ndani, basi ugonjwa umeonekana, na dawa yake ni waya mpya na vichwa vyake viwili, si antena.

Zamani, katika analogi, mawimbi yakidhoofu tulipata chengachenga na bado tukaona sura ya mtu. Dijitali haina subira hiyo. Picha hubaki safi kabisa mpaka mawimbi yateremke chini ya kiwango fulani, kisha huvunjika mara moja. Ndiyo maana nyumba inaweza kuishi miaka kwenye ukingo wa kiwango hicho bila ya kujua, hata mti wa jirani urefuke, au majani yake yalowe. Eldoret ina mikaratusi mingi, na majani mabichi yaliyolowa hula mawimbi ya UHF kuliko watu wanavyodhani. Katika orodha ya mipangilio ya king'amuzi mna pau mbili, moja ya nguvu na nyingine ya ubora. Aitazame ile ya ubora, wakati wa jua na wakati wa mvua, aandike nambari zake. Fundi wa kweli atafurahi kuziona.

Jambo jingine la kutazama ni stesheni zipi zapotea. Katika dijitali stesheni hazirushwi moja moja. Hufungwa mafungu, na kila fungu huchukua masafa yake. KBC huchukuliwa na Signet, ambayo ni tanzu yake. Citizen, NTV na KTN huchukuliwa na ADN, kampuni iliyoundwa na wenye stesheni hizo. Na liko la tatu la PANG. Ikiwa Citizen, NTV na KTN zatoweka pamoja ilhali KBC yaonekana safi, waya haukufa wala antena haikuoza. Huenda antena imeelekezwa vyema kwa fungu moja na vibaya kwa jingine. Upepo mmoja wa usiku watosha kuigeuza.

Na upande wa kuielekeza? Eldoret imekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mgeni hudhani kuwa katika uwanda mawimbi hayana kizuizi. Lakini mji una mabonde yake, Mto Sosiani wapita katikati, na majengo ya ghorofa yanaongezeka kila mwaka tangu kabla mji haujapewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo hatutaji mnara wala kilima. Twasema hivi: tazama antena za majirani 3 au 4 ambao picha zao ni nzuri, kisha bisha hodi uulize. Angalia ncha zao zimeelekea wapi, na zaidi ya hapo, angalia vijiti vimelala au vimesimama. Kijiti kikilala ilhali wimbi limesimama, sehemu kubwa ya nguvu hupotea bure, na hapana busta itakayoirudisha. Kuuliza si ujinga, na kwa mgeni wa mtaa hilo huwa pia mlango wa kujuana na majirani.

Tuseme sasa kwamba uchunguzi umekwisha, na antena ya zamani kweli haifai. Ipi inunuliwe?

Sisi twapendelea ile yenye umbo la mgongo wa samaki, iitwayo Yagi. Wajapani wawili, Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda, waliieleza mwaka 1926, na hadi leo haijapata wa kuiondoa kwa bei yake. Kijiti cha nyuma, au wavu wa nyuma, hurudisha mawimbi mbele; kile chenye waya hupokea; na vifupi vya mbele huyavuta kutoka upande mmoja. Upande wa vijiti vifupi ndio unaoelekea mnara. Yenye vijiti kati ya 10 na 20 yatosha nyumba nyingi za mji. Zaidi ya hapo antena huwa ndefu, huona upande mwembamba sana, na kuielekeza huwa kazi ya siku nzima. Aishike mkononi dukani: vijiti visiyumbe, kisanduku cha kuungia waya kiwe na kifuniko, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hili la mwisho twalisema zaidi kwa wasomaji wetu wa Lamu, Malindi na Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula skrubu ya kawaida kabla ya mwaka kwisha. Huko alumini nene ni bora kuliko bati lililopakwa rangi.

Ile ya duara inayozungushwa kwa rimoti hatuipendi. Ina mota ndani yake, na mota iliyo juani na mvuani haina umri. Wala maandishi ya maili nyingi juu ya boksi yasimshawishi mtu. Boksi halijui ni vilima vingapi vilivyo baina ya nyumba yako na mnara.

Kimo ni bora kuliko ukubwa. Antena ndogo iliyopandishwa mita 2 zaidi, ikavuka ukingo wa paa la jirani, mara nyingi huishinda kubwa iliyofungwa chini. Lakini mlingoti wa bomba la chuma ukizidi mita 3 hivi wahitaji kuvutwa kwa nyaya pande 3, kwani upepo wa uwanda ule hauna huruma.

Kuhusu waya, anunue ule ulioandikwa RG6 kwenye ganda lake, wa omu 75, wenye moyo wa shaba. Hata huo mzuri, mita zake 20 hula takriban nusu ya nguvu iliyopokewa juu. Mwembamba wa bei ya chini hula zaidi. Basi usiachwe mrefu ukazungushwa nyuma ya kabati kwa tamaa ya kuhama baadaye. Kiungo cha juu kivingirishwe utepe wa mpira usiopitisha maji, na waya kabla ya kuingia ndani ya nyumba upewe tumbo, ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande, ili maji yadondoke nje yasiufuate ndani.

Busta ndiyo inayouzwa zaidi na kuhitajika kidogo zaidi. Haileti mawimbi yasiyokuwapo. Huyakuza yaliyopo, pamoja na kelele zake. Kazi yake ya halali ni kufidia waya mrefu au kugawa mawimbi kwa runinga zaidi ya moja, na mahali pake ni juu, karibu na antena, si nyuma ya runinga ambako hukuza kile kilichokwisha kuharibika. Nyumba iliyo karibu na mnara ikiwekewa busta, picha yaweza kuvunjika kwa kuzidiwa. Tena ving'amuzi vingi vina kipengele cha kupeleka umeme mdogo kwenye antena: kiwashwe tu ikiwa busta ni ya umeme huo, vinginevyo kizimwe. Dada yetu atatuelewa tukisema busta isinunuliwe siku moja na antena. Ifungwe antena kwanza, itazamwe siku 3 za mvua, ndipo iamuliwe. Akitaka mama awe na runinga chumbani mwake, kigawanyo cha njia 2 chatosha ikiwa ubora ni wa juu. Ajue tu kwamba kila upande utapata pungufu ya nusu.

Kabla ya yote hayo, runinga yenyewe ikaguliwe. Iliyotengenezwa kwa soko letu huandikwa DVB-T2, na haihitaji king'amuzi kwa matangazo ya bure. Zile zinazoletwa na jamaa zetu kutoka Dubai au Muscat huenda zina DVB-T pekee. Picha zake ni nzuri, lakini bila ya king'amuzi hazitaona stesheni hata moja, na wako waliobadilisha antena mara mbili kwa sababu hiyo tu.

Tumefika paani, na hapa hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Mtoto wa kiume wa miaka 14 si fundi. Mabati yaliyolowa huteleza, misumari yake hulegea, na mlingoti wa chuma unaoangukia waya wa umeme huua aliyeushika na aliyekimbia kumwokoa. Kanuni ni hii: mlingoti usimamishwe mahali ambapo hata ukianguka kwa urefu wake wote hautaufikia waya wa umeme. Pasipopatikana mahali hapo, antena ifungwe ukutani, hata ikiwa picha itapungua. Katika ukanda wa magharibi ya Kenya radi ni nyingi. Mlingoti uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fito iliyopigwa ardhini, na juu ya hivyo wingu likianza kutanda, waya wa antena uchomolewe. Uchomolewe kabla, radi ikishaanza kupiga usishikwe na mtu yeyote.

Mume wa dada yetu hurudi nyumbani kwa majuma, hivyo amwite fundi siku ambayo yuko, au shemeji, au jirani mtu mzima. Wapangaji wamwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta. Na kabla fundi hajakanyaga ngazi, apelekwe mtoto nyumba za jirani kuarifu kwamba kuna mtu anapanda. Aliye juu ya paa huona nyua za watu, na mwanamke anayefua au kusuka nywele uani mwake ana haki ya kupigiwa hodi hata kutoka juu. Malipo wakubaliane kabla ya kazi, vifaa mbali na ufundi mbali, sehemu kubwa ilipwe picha ikishaonekana katika mafungu yote. Na ikishaonekana, fundi apewe haki yake hapo hapo, asizungushwe.

Jambo moja mama asiahidiwe. Antena hii, iwe nzuri namna gani, haitaleta tarawehe za Makka moja kwa moja. Hayo hutoka katika setilaiti, na hupokewa kwa dishi na king'amuzi chake kingine. Watu wawili wameshatuandikia mwaka huu wakilalamika kwamba walinunua antena kubwa kwa ajili ya Makka. Ama tangazo la mwezi la Kadhi Mkuu, stesheni za nchini hulitoa, na hilo antena ya paani yaleta. Tahadhari ya umeme kukatika usiku ule ni redio ndogo ya betri.

Kwa mpango huo, dada yetu aanze na rula, kisha vichwa vya waya, kisha aazime king'amuzi cha jirani kwa saa moja ajaribu. Fedha za karo asiziguse mpaka hayo matatu yamekwisha. Fundi akishapata upande ulio bora, achore kwa rangi mstari mmoja unaoshuka kutoka mlingoti hadi kwenye kishikio chake. Siku upepo utakapoigeuza antena, mistari miwili itaachana, na yeyote aliye uani ataona bila ya kupanda.